Tochi ya kubadilishia kwenye mashine ya zamani ya plazma: ipi inafaa?

Fundi wa Osukuru (Tororo)

Ndugu mafundi, naomba mniongoze kabla sijaingiza mkono mfukoni. Karakana yetu ina mashine ya kukatia chuma kwa plazma, yaani kwa moto wa umeme na hewa, ambayo baba mdogo aliinunua ikiwa mtumba kutoka Ulaya, nzito kama mifuko miwili ya saruji, yenye transfoma ya shaba ndani na magurudumu yaliyokwisha kulika. Bamba la jina limesuguliwa na miaka, na kinachosomeka ni volti 400 za awamu tatu, ampia 60 na hewa ya baa 5. Jina la kiwanda halionekani popote.

Mashine yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni tochi, ule mkono wa kukatia. Kichwa chake kimepasuka shingoni, na nikibonyeza kitufe hewa inatoka vizuri, kisha cheche nyembamba za buluu zinaruka kwenye ule ufa, upana wa kidole kimoja kutoka mahali ninaposhika, badala ya kutokea kwenye nozeli, ile ncha ya mbele yenye tundu. Nimeacha kuitumia, na hii ni wiki ya pili tunakata mabamba ya tela za miwa kwa grinda, kazi inayomaliza mawe na masikio kwa pamoja.

Nimeuliza huku na huku nikapata njia tano. Kampala kuna tochi za kunakili aina ya PT-31, ambazo ndizo za bei ya chini kabisa, na za aina ya S45 zilizo ghali kidogo. Kuna pia P80, kubwa zaidi, ambayo inauzwa tochi nzima au kichwa peke yake. Rafiki aliyeko Nairobi anasema anaweza kuniagizia SL60 ya Thermal Dynamics pamoja na adapta yake, lakini bei ya hiyo moja ingeninunulia P80 kadhaa. Njia ya tano ni ya kaka yangu, anayesema tuuze shaba ya transfoma kwa kilo na kununua mashine mpya ndogo ya inveta, ile nyepesi inayotumia ubao wa elektroniki badala ya transfoma nzito. Nyinyi mngechagua ipi?

Mkata Bamba (Katwe, Kampala)

Heshima kwako, fundi. Tochi umezipanga kwa bei, lakini mashine haijui bei. Inachojua ni namna ilivyoundwa kuwasha moto, na hapo ndipo watu wengi wa kwetu Katwe wanapopoteza pesa zao.

Namna ziko mbili. Katika ya kwanza, elektrodi, kile kipande cha shaba kilicho nyuma ya nozeli, na nozeli yenyewe hazigusani kamwe, na mashine hutuma cheche za masafa ya juu, yaani HF, zenye volti elfu kadhaa, ili ziruke ile nafasi ndogo iliyo katikati na kuufungulia njia mkondo wa moto wa pailoti, ule moto mdogo unaotangulia kuwaka kwenye nozeli kabla haujafika kwenye chuma. Katika ya pili hakuna HF kabisa: springi huibana elektrodi ikae juu ya nozeli, umeme huanza kupita zikiwa zimegusana, kisha hewa huirudisha elektrodi nyuma na moto huzaliwa pale zinapoachana. Ukifunga tochi ya HF kwenye mashine ya kugusana, hewa itatoka na hakuna kingine kitakachotokea, kwa kuwa hakuna cheche ya kuruka ile nafasi. Ukifanya kinyume chake, hewa huitenganisha elektrodi kabla umeme haujafika, au HF hupita mahali ambapo vihami vya tochi hiyo havikutengenezwa kuivumilia, na kichwa kipya kinaungua ndani kabla hujakata hata futi moja.

Wewe umejieleza bila kujua. Cheche za buluu zinazotafuta ufa wa plastiki ili zitoke ni tabia ya HF. Hata hivyo usinitegemee mimi, pima. Zima mashine, chomoa waya ukutani, funga hewa, subiri dakika 10, kisha toa mkia wa tochi kwenye mashine. Weka maltimita kwenye omu, ncha moja iguse elektrodi na nyingine iguse nozeli, vipuri vyote vikiwa vimefungwa kama wakati wa kazi. Ikisoma karibu na sifuri, hiyo ni tochi ya kugusana. Isiposoma kitu, ni ya HF. Baadaye fungua kifuniko cha mashine utafute ncha mbili za tangsteni zinazotazamana kwa karibu kama meno, na kando yake koili ya waya mnene yenye mizunguko michache. Ukiziona, swali la kwanza limekwisha.

Bi Karakana (Jinja)

Naongeza dalili moja isiyohitaji kipimo: redio. Mashine yetu ya zamani ilipokuwa ikiwasha moto, redio ya karakana nzima ilikuwa inakoroma, na jirani anayetengeneza simu alikuwa akija kulalamika. Tulipoleta ya kugusana, ugomvi ukaisha.

Kuhusu chaguo, mimi ningetazama kwanza kichwa peke yake. Kaka Osukuru, kama mpira na nyaya zako ni nzima, hakuna sababu ya kulipia mita sita za kebo mpya. Kichwa cha P80 kinakuja na bomba dogo la shaba nyuma, ambalo ndilo linalobeba umeme na hewa kwa pamoja, na pembeni kinatoka kiwaya chembamba cha pailoti. Unakata mpira wa zamani mahali palipo pazima, unafunga kiungio, unaunganisha waya wa pailoti na kuuvika kihami, unarudisha mpini. Ni kazi ya alasiri moja.

Mkata Bamba (Katwe, Kampala)

Dada, kwa mpira ulio mzima nakubaliana nawe. Ila mashine hii ni ya umri gani? Mpira wa miaka mingi hukauka kutokea ndani, nje ukabaki unang'aa. Niliwahi kufunga kichwa kipya juu ya kebo ya zamani, nikasifiwa, na wiki tatu baadaye HF ikapata tundu jingine ndani ya mpini, nusu mita kutoka kichwani. Mteja alipata mshtuko uliomfanya aitupe tochi chini. Tangu siku hiyo sibadilishi kichwa kabla ya kuupinda mpira wote, mkono kwa mkono, katika mwanga mzuri. Nikiona nyufa ndogo kama za tope lililokauka, naacha.

Mzee wa Mpakani (Busia)

Nimewasoma, na nakubali kwamba HF ndiyo mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni ampia, na hapo tochi mbili katika zile njia tano zinabaki nje.

PT-31 asili yake ni ya kampuni ya ESAB, lakini hizi zinazouzwa madukani ni nakala zinazofungwa kwenye mashine ndogo za ampia 40 au 50, na nyingi ya mashine hizo hazina moto wa pailoti, kwa hiyo mtu hulazimika kugusisha nozeli kwenye chuma ndipo iwake. Kwa bati safi haina shida. Kwa bamba la tela lenye rangi, kutu na udongo wa shamba, utagusisha mpaka uchoke, na nozeli itakuwa imeharibika kabla ya adhuhuri. S45 ni tochi nzuri ya Kiitaliano, ya Trafimet, ina pailoti na inatumia HF, na ukiwa na mashine ya ampia 40 ningekuambia uichukue bila kufikiri. Wewe una 60. Utalazimika kushusha mkono wa ampia hadi 45 na kukumbuka kila siku kuuacha hapo, na siku kijana mgeni atakapoupandisha ili bamba nene likatike haraka, kichwa kitayeyuka.

Muuzaji mmoja wa upande wa pili wa mpaka aliwahi kuniapia kwamba tochi zote hizi ni zilezile, tofauti ni rangi ya mpini. Nilinunua. Ninayo bado, naitumia kuzuia mlango.

Kuhusu SL60, sina la kuisema vibaya. Ilitengenezwa kwa makusudi ifungike kwenye mashine za kampuni nyingi, ina kiunganishi cha kuchomeka na kuchomoa kwa mkono, na vipuri vyake ni vya hali ya juu. Shida yako ni kwamba adapta huchaguliwa kwa jina na modeli ya mashine, nawe bamba lako halisomeki. Rafiki yako wa Nairobi ataagiza adapta ya mashine gani? Ukikosea, umelipa usafiri na ushuru, na ukiagiza nje moja kwa moja, VAT ya asilimia 18 juu yake, kwa kitu kisichoingia.

Plau na Nyundo (Gulu)

Naongeza ili usije ukachanganyikiwa na maneno ya watu. Hapa Gulu ninayo mashine ya Powermax 1000 ya kampuni ya Hypertherm, ya kugusana, na tochi yake ya zamani ilipokwisha nilinunua Duramax ambayo kampuni yenyewe iliitengeneza kwa ajili ya mashine zake za zamani. Iliingia bila kukata waya hata mmoja. Kwa mwenye mashine ya aina hiyo, hakuna mjadala. Lakini kuna vijana wanaouza Duramax zilizotumika na kusema inaingia popote. Haiingii popote. Mashine yako ikiwa ni ya HF, mpishe huyo muuzaji aende zake.

Nina swali pia. Tochi yako ina nyaya ngapi? Mashine yangu ina waya mbili zinazopita kwenye kikombe cha mbele kinachoishika nozeli, ili kikombe kikilegea mashine isikubali kuwaka. Nyingine hazina. Ukifunga P80 kwenye mashine yenye usalama huo, unaweza kuachwa na waya mbili usizojua pa kuzipeleka.

Fundi wa Osukuru (Tororo)

Asanteni sana, mzee na ndugu zangu wote. Nimefungua mpini jana jioni. Ndani kuna mpira mmoja mnene wenye waya wa shaba uliosukwa, waya mmoja mwekundu mwembamba unaokwenda upande wa nozeli, na nyaya mbili nyeupe zinazokwenda kwenye kitufe. Hakuna zaidi. Maltimita haikusoma kitu kati ya elektrodi na nozeli. Nikafungua na mashine: meno mawili ya tangsteni yapo, yamejaa vumbi jeusi, na koili iko kando kama alivyosema ndugu wa Katwe. Mpira niliupinda mkono kwa mkono, nikakuta nyufa karibu na mashine, mahali unapokunjwa kila siku.

Basi PT-31 nimeiacha, S45 nimeiacha, SL60 imejitoa yenyewe. Kichwa peke yake nimekiacha kwa sababu ya zile nyufa, dada yangu wa Jinja anisamehe. Zimebaki P80 nzima na wazo la kaka. Kaka anasema inveta mpya ina dhamana na inabebwa kwa mkono mmoja.

Bi Karakana (Jinja)

Hakuna cha kusamehe, kwa mpira wa namna hiyo hata mimi ningenunua tochi nzima.

Kuhusu inveta, sizipingi, ninazo mbili. Lakini soma kile kibandiko cha nyuma kabla hujaamini namba kubwa iliyoandikwa mbele. Mashine inayojiita ya ampia 50 inaweza kuwa imeandikwa asilimia 40 au 60 nyuma, maana yake katika kila dakika 10 unakata nne au sita tu kwa ampia hizo, nyingine inapumzika. Kwa anayekata madirisha na mageti inatosha kabisa. Kwa anayekata mabamba ya milimita 10 siku nzima katika msimu wa miwa, ile transfoma ya baba mdogo ni mali. Tena umeme wetu hupanda na kushuka; transfoma ikipata volti za ajabu hulalamika kwa sauti, inveta hufa kimya na ubao wake hautengenezwi na fundi wa mtaani. Shaba ukiiuza kwa kilo, hutainunua tena.

Mkata Bamba (Katwe, Kampala)

Basi ni P80, na sasa tuzungumze namna ya kuinunua, kwa sababu nakala haziko sawa hata zikiwa kwenye rafu moja.

Usitazame mpini, omba elektrodi. Ni kipande cha shaba ambacho katikati ya uso wake kuna kidoti cha kijivu cha hafniamu, madini yanayovumilia moto huo ndani ya hewa, tofauti na tangsteni ambayo oksijeni ingeila mara moja. Kidoti hicho kiwe katikati kabisa. Kikiwa kimekaa upande, moto utatoka umepinda na ukingo wa bamba utakuwa na mteremko ambao hakuna namna ya kuurekebisha kwa mkono. Kisha ishike nozeli juu ya mwanga wa dirisha, utazame tundu: liwe la mviringo safi, bila kijinyuzi cha shaba kilichobaki. Kwa ampia 60 zako nozeli ya P80 yenye tundu la milimita 1.1 au 1.3 ndiyo utakayoitafuta, ya 1.5 na ya 1.7 ni za mashine kubwa, na ukizifunga moto utapanuka na kukosa nguvu, uanze kuilaumu tochi bure. Mwisho, geuza pete ya kuzungusha hewa uone kama matundu yake yote yamefunguka, maana moja likiziba, hewa haizunguki sawa na nozeli huliwa upande mmoja.

Mimi nachagua P80 kwa sababu moja kuliko nyingine zote: elektrodi na nozeli zake ninazipata Kampala siku yoyote nikitaka. Tochi unainunua mara moja. Vipuri vyake utavinunua kila wiki, na hesabu ya kweli iko huko.

Usichukue kebo ndefu kwa tamaa. HF hupungua nguvu kadiri kebo inavyorefuka, na hewa pia. Mita sita zinatosha, sogeza mashine.

Mzee wa Mpakani (Busia)

Na maji. Hewa ya upande wetu huu ina unyevu mwingi, na kompresa huutema wote ndani ya tochi. Nimeona elektrodi mpya ikiliwa ndani ya nusu saa kwa sababu tangi la kompresa halikufunguliwa maji kwa mwezi mzima. Fungua valvu ya chini kila asubuhi, weka kichujio karibu na mashine badala ya karibu na kompresa ili hewa iwe imepoa ndipo maji yashikwe, na upime baa 5 wakati hewa inatoka, si wakati imesimama.

Fundi wa Osukuru (Tororo)

Nimerudi kutoka Kampala na P80 ya mita sita, elektrodi kumi na nozeli kumi, tano za 1.1 na tano za 1.3. Duka la kwanza walinionyesha elektrodi yenye kidoti kilichokaa pembeni kama jicho la makengeza; nikashukuru, nikatoka. La pili zilikuwa sawa.

Nimekwama mahali pamoja. Mkia wa P80 una nati ya milimita 16. Kwenye mashine yangu mdomo ni mwembamba zaidi: nimepima kwa kalipa nikapata milimita 13.1, na nikihesabu hesi kwenye inchi moja ninapata 19. Haiingii, na sitaki kulazimisha.

Bi Karakana (Jinja)

Milimita 13 na kidogo, hesi 19 kwa inchi, hiyo ni hesi ya bomba ya robo inchi. Mashine nyingi za Ulaya zinatumia hiyo. Nenda kwa fundi wa mashine ya kukereza, mpe mkia wa tochi ya zamani na nati ya mpya, akukerezee kiungio: upande mmoja robo inchi, upande wa pili M16 ya hatua 1.5 (milimita 16, hesi moja kila milimita 1.5), na tundu katikati. Kiwe cha shaba ya njano, kwa sababu umeme wote wa kukatia utapita hapo pamoja na hewa. Ukimruhusu akitengeneze kwa chuma, kitapata moto na hesi itajikamata. Kikikamilika, kivike kihami kizima kisibaki chuma wazi hata kidogo, kwa sababu upande huo wa mashine hubeba zaidi ya volti 200 pale kitufe kinapobonyezwa.

Waya mwekundu ni wa pailoti, upeleke palepale ulipokuwa wa zamani. Nyeupe mbili za kitufe hazina upande, zifunge utakavyo. Na yale meno mawili ya tangsteni yasafishe vumbi kwa karatasi laini ya msasa, ila usiguse nafasi yake.

Fundi wa Osukuru (Tororo)

Kiungio kilitoka jana saa tisa. Nilikivika kihami tabaka mbili, nikafungua maji ya kompresa, yakatoka kama kikombe cha chai, nikaweka nozeli ya 1.3 na kubonyeza. Redio ya duka la jirani ilikoroma, moto wa pailoti ukatoka katikati ya nozeli, na shingo ikabaki kimya. Tumekata bamba la milimita 10 kwa ampia 55, mabano kumi na mawili ya tela, na makapi chini ya ukingo yalidondoka kwa kugongwa kidogo na nyundo. Jioni nilifungua kikombe nikaitazama elektrodi. Kishimo kwenye hafniamu hakijafika hata nusu milimita; ndugu wa Katwe, niitoe kikifika ngapi?

Mkata Bamba (Katwe, Kampala)

Milimita moja na nusu, na nozeli uitoe pamoja nayo.